Redio Koli Kuukuu Zaweza Kuunganisha Mabonde, Lakini kwa Leseni

Wakazi wengi wanazijua redio koli zinazofungwa kwenye magari ya ulinzi, ambulensi na malori. Ofisi zinapohamia redio za kidijitali, zile za zamani hubaki stoo au huuzwa kama vyuma chakavu ilhali nyingi bado ni nzima. Wanaozitafuta zaidi ni waendeshaji redio wa ridhaa: watu wenye leseni ya kuwasiliana kwa redio bila malipo wala biashara, ambao hapa Kenya wengi hutambulishwa kwa alama inayoanza na 5Z4.

Mawimbi ya VHF na UHF husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Mlima ukikaa katikati, mawasiliano hukatika. Ndiyo maana huwekwa ripita kilimani, mtambo unaopokea sauti kwa masafa mamoja na papo hapo kuirusha kwa masafa mengine. Katika bendi ya megahezi 144 hadi 146, tofauti ya kawaida kati ya masafa hayo mawili ni kilohezi 600. Ili mtu wa bonde hili amsikie wa bonde la pili, ripita mbili huunganishwa kwa redio za ziada, mara nyingi za UHF, na hapo ndipo redio kuukuu hufaa. Mafuriko yakiangusha mlingoti wa simu, njia hii huendelea kwa betri na paneli ya sola.

Mfano mzuri ni Motorola GM300 ya miaka ya 1990. Nyuma ina soketi ya pini 16: pini ya 3 huiamuru redio itume, ya 2 huingiza sauti, ya 11 hutoa sauti iliyopokelewa, na ya 8 yaweza kupangwa ijulishe kwamba kuna anayezungumza. Kidhibiti cha ripita hakihitaji zaidi ya hayo. Usumbufu uko kwingine. Kuibadilisha masafa kunahitaji programu ya DOS na kompyuta ya zamani, na zipo GM300 za VHF zilizoundwa kwa megahezi 146 hadi 174, yaani zinaanzia pale bendi ya ridhaa inapoishia. Soma namba ya modeli kabla ya kulipa. Pia redio ya gari iliundwa kwa mazungumzo mafupi, na ya kuunganisha hutuma dakika nyingi mfululizo. Fundi mwangalifu hupunguza nguvu, tuseme kutoka wati 25 hadi 10, na kuweka feni.

Hatari kwa umma ni masafa ya zamani yanayobaki ndani ya redio. Anayebonyeza kitufe kujaribu tu aweza kuingilia ambulensi au zimamoto wakiwa kazini. Muuzaji ayafute kwanza. Kutumia redio ya kutuma bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ni kosa chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998, hata kama redio ilinunuliwa kihalali.

Redio za kaunti ni mali ya umma. Chini ya sheria ya ununuzi na uondoaji wa mali ya umma ya 2015, huondolewa kwa njia zilizowekwa, kama vile zabuni, mnada wa hadhara au kuhamishiwa taasisi nyingine ya umma. Ukiuziwa redio yenye nembo ya kaunti bila stakabadhi za mauzo hayo, usinunue.