Jina Lako Si Sababu ya Kunyimwa Kazi

*Sheria inamlinda kila mfanyakazi na kila anayetafuta kazi dhidi ya ubaguzi. Makala haya yanaeleza sheria zenyewe, chanzo chake na hatua ambazo mkazi anaweza kuchukua akibaguliwa.*

Mkazi anayeomba kazi katika kaunti, iwe ya serikali au ya kampuni binafsi, hapaswi kunyimwa kwa sababu ya kabila lake, dini yake au chama anachounga mkono. Akishaajiriwa, hapaswi kunyimwa mafunzo, kurukwa wakati wa kupandishwa vyeo, kulipwa kidogo kuliko wenzake kwa kazi yenye thamani sawa wala kufutwa kwa sababu hizo. Huo si wema wa mwajiri. Ni haki ya mfanyakazi.

Funzo la 2008

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100 na kuwafurusha wengine zaidi ya 600,000 kutoka makwao. Waliofurushwa hawakupoteza nyumba na mifugo pekee, walipoteza kazi pia. Mjini Naivasha, wafanyakazi wa mashamba ya maua walikimbilia usalama katika kituo cha polisi. Huko Kericho, wachumaji wa majani chai waliotoka maeneo mengine waliyahama mashamba. Kosa lao lilikuwa moja tu: kuonekana wageni mahali walipokuwa wakijitafutia riziki.

Mapatano ya kitaifa yalipotiwa saini Februari 28, 2008, chini ya upatanishi wa Kofi Annan, pande mbili zilikubaliana kuwa kusimamisha vita hakutoshi. Ajenda ya Nne ya mazungumzo hayo iligusa mizizi ya tatizo: umaskini, ukosefu wa usawa na ukosefu wa kazi, hasa kwa vijana. Kazi zikigawanywa kwa ukoo, kila uchaguzi hugeuka kuwa vita vya kugombea zamu ya kula. Anayeshindwa huona amefungiwa mlango yeye na watoto wake.

Sheria zinasemaje?

Sheria ya Ajira ya 2007, iliyoanza kutumika Juni 2008, inakataza ubaguzi katika kuajiri, mafunzo, vyeo, masharti ya kazi na kufuta kazi. Inataja rangi, jinsia, lugha, dini, maoni ya kisiasa, uraia, asili ya kikabila au kijamii, ulemavu, ujauzito na hali ya virusi vya ukimwi. Inamlinda pia mtu ambaye bado hajaajiriwa.

Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inasema hakuna taasisi ya umma inayopaswa kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi wa wazi na wa kichinichini, uwe wa serikali au wa mtu binafsi.

Kaunti nayo inabanwa

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti kuzingatia kuwa angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia zinaenda kwa watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa zaidi kwenye kaunti. Nafasi zikiwa 100, wasiopungua 30 watoke katika jamii nyingine. Ukaguzi wa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, NCIC, umewahi kuonyesha kuwa kaunti nyingi hazijafikia kiwango hicho.

Baadhi ya wakazi huuliza kwa nini kazi ziende kwa "wageni" ilhali watoto wa nyumbani hawana ajira. Ni swali la haki, kwani vijana wasio na kazi ni wengi. Lakini mtoto wa kaunti hii ni mgeni katika kaunti nyingine 46. Sheria inayomlinda jirani hapa ndiyo inayomlinda mtoto wako akienda kutafuta kazi huko. Isitoshe, kiwango hicho hakisemi kwamba nafasi 70 zilizosalia ni mali ya jamii moja. Kila nafasi hutangazwa, na kila mwombaji hupimwa kwa sifa zake.

Utautambuaje ubaguzi?

Ubaguzi wa wazi ni rahisi kuuona: "Hapa tunaajiri watu wetu." Ule wa kichinichini hujificha ndani ya masharti. Tangazo la kazi ya udereva linalodai ufasaha wa lugha moja ya mama, ilhali kazi hiyo haiihitaji, huwafungia wengine mlango bila kutaja kabila. Lakini sharti linalotokana na kazi yenyewe si ubaguzi. Mtangazaji wa redio ya lugha ya kienyeji lazima aijue lugha hiyo.

Fomu za serikali zinazouliza kabila ili kupima uwiano pia si ubaguzi. Kosa ni kulitumia jibu hilo kumwonea mtu.

Kumdhalilisha mwenzako kazini pia ni ubaguzi. Neno "madoadoa", ambalo NCIC iliorodhesha mwaka 2022 miongoni mwa maneno ya chuki, halina nafasi ofisini, shambani wala kwenye mjengo.

Hatua za kuchukua

1. Weka kumbukumbu. Andika tarehe, maneno yaliyosemwa na majina ya walioshuhudia. Hifadhi tangazo la kazi, barua, ujumbe wa simu na hati za malipo.

2. Omba maelezo. Ukinyimwa kazi ya umma, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba taarifa kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza. Ofisi husika inapaswa kujibu ndani ya siku 21.

3. Kata rufaa. Usiporidhika na uamuzi wa Bodi ya Kaunti, andikia Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 90.

4. Mwone afisa wa leba. Aliyefutwa kazi bila haki anaweza kuwasilisha malalamishi kwake ndani ya miezi 3 tangu kufutwa.

5. Nenda mahakamani. Kesi za ajira husikizwa na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba. Kwa kawaida kesi hufunguliwa ndani ya miaka 3. Malalamishi ya ukabila hupokewa pia na NCIC.

Wengi hunyamaza wakisema, "Nitathibitisha vipi?" Sheria ya Ajira imelijibu swali hilo. Kesi ya ubaguzi ikifika mahakamani, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kuwa hakubagua. Mlalamishi bado anapaswa kueleza waziwazi kilichotendeka, lini na nani aliyehusika. Ndiyo sababu hatua ya kwanza, ya kuweka kumbukumbu, ina uzito kuliko zote.

Waajiri nao wana njia rahisi ya kujikinga: watangaze kila nafasi, waandike vigezo kabla ya mahojiano, wahifadhi alama za kila mwombaji na wampe kila anayekabiliwa na kufutwa nafasi ya kujitetea akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama. Mwajiri mwenye rekodi safi hatababaika akiulizwa kwa nini alimchukua huyu akamwacha yule.