Buibui mwenye damu ya shaba

Joto kwa kipimo, maji kila siku: sheria moja kwa mnyama wa shimoni na kwa mfanyakazi

Ilikuwa mwezi wa saba, wakati baridi ya Katanga inapouma. Mama mmoja wa kambi aliamka saa tisa ya usiku, kichwa kinampasuka. Alitaka kusimama, magoti yakakataa. Akatambaa mpaka mlangoni, akafungua, akaanguka nje katika lupango. Hewa ya baridi ikamrudishia akili kidogo, akapiga kelele. Bwana wake alikuwa kazini, kundi la usiku. Majirani wakakimbia, wakaingia, wakawatoa watoto watatu waliolegea kama nguo mbichi. Kwa bahati wote wanne walipona hospitalini.

Kitu gani kilitaka kuua jamaa hii? Mbabula ya makala, iliyowashwa katika chumba kilichofungwa. Nani aliileta ndani? Mtoto wa kwanza, mwenye miaka 12. Na kwa nini? Ili ampashe moto buibui wake.

Msicheke. Mtoto huyu alimkuta buibui mkubwa mwenye manyoya porini, akamtia katika mkebe wa maziwa, akamlisha panzi. Alimpenda. Wiki ya tano akaona buibui amekunja miguu yote chini ya tumbo, hatikisiki. Akafikiri: «Baridi inamuua.» Basi akatafuta moto.

Alikosa mara mbili. Kwanza, alileta mauti ndani ya nyumba. Pili, buibui hakuwa na baridi. Alikuwa na kiu. Katika wiki zote tano hakuna aliyempa tone la maji. Asubuhi walimkuta amekauka katika mkebe uliowaka moto.

Baba wa mtoto alituuliza: «Nimkataze mtoto kufuga wadudu, ama nimfundishe?» Tunajibu: kumfundisha ni bora. Ukurasa huu ni kwa ajili ya baba huyu na kwa wote wenye watoto wa namna hii.

NI MNYAMA GANI?

Kwa Kifaransa anaitwa migale. Wataalamu wanajua aina zake zaidi ya 1,000 duniani, na Afrika yetu ina nyingi. Wengi wa kwetu wanakaa ardhini. Wanachimba shimo, wanalipaka utando kama hariri, na kungoja usiku wadudu wapite mlangoni.

Jike linaweza kuishi miaka 15, hata 20 na zaidi. Dume halidumu: likisha komaa, mara nyingi halimalizi miaka miwili. Basi mtoto anayeokota jike dogo leo anaweza kuwa baba wa jamaa nalo likingali hai. Si mchezo wa siku mbili.

Na sasa neno litakalowafurahisha watu wa shaba. Damu yetu sisi ni nyekundu kwa sababu inabeba hewa kwa nguvu ya chuma. Damu ya buibui haina chuma cha namna hiyo. Inabeba hewa kwa nguvu ya shaba! Ikipata hewa inageuka rangi ya buluu. Kwa hiyo mnyama huyu ni ndugu wa kazi yetu: anachimba shimo, na shaba iko ndani ya damu yake.

MIGUU INAYONYOOKA KWA MAJI

Tazama mashini kubwa ya kuchimba. Mkono wake hauvutwi kwa kamba. Mafuta yanasukumwa katika silinda, na mkono unanyooka. Mafuta yakivuja, mkono unalala, hata kama motere ni mpya.

Buibui ni vilevile. Ana misuli ya kukunja miguu, lakini katika viungo vyake vikubwa hana misuli ya kuinyoosha. Anasukuma damu katika miguu, nayo inanyooka. Maji yakipungua mwilini, damu inapungua, nguvu ya kusukuma inakwisha, miguu inajikunja chini ya tumbo. Ndiyo ile hali aliyoiona mtoto wetu akadhani ni baridi.

Kabla ya hapo kuna dalili nyingine. Tumbo linakuwa dogo na kukunjamana kama zabibu kavu. Mwendo unakuwa mzito. Mtu mwenye macho haingoji miguu ikunjwe.

MAJI: JINSI YA KUMPA

Chukua kifuniko cha chupa ya limonadi kwa buibui mdogo, au kifuniko cha chupa ya mayonezi kwa mkubwa. Tia maji safi. Yaoshe na kuyabadili kila yakichafuka. Usitie pamba wala sponji ndani, kwa maana huoza na kukuza vijidudu. Usiogope kwamba atazama. Chombo kikiwa kifupi, hazami.

Kisha mwaga maji kidogo katika pembe moja ya sanduku, udongo wa upande ule uwe na unyevu. Upande mwingine ubaki mkavu. Buibui mwenyewe atachagua. Usiloweshe sanduku zima: kuvu itaota, na utitiri utakuja. Toboa matundu ya hewa pande zote. Mapafu yake yako chini ya tumbo, na hewa iliyooza inamdhuru.

Chakula ni jambo la nyuma. Nyenje, panzi au mende mmoja au wawili kwa wiki watamtosha. Buibui mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula, wala asife. Bila maji hawezi.

Ukimkuta amekwisha kujikunja, fanya hivi. Mtie katika chombo chenye matundu, juu ya karatasi au kitambaa kilicholoa. Weka mdomo wake, ulio mbele na chini, karibu sana na maji yasiyo na kina. Usimzamishe: ukilowesha tumbo unaziba mapafu. Mwache mahali pa giza na utulivu. Mara nyingi baada ya saa kadhaa miguu inaanza kunyooka.

JOTO: JINSI YA KUMHIFADHI

Wachimbaji wanajua hili: juu ya ardhi jua linachoma na usiku unagandisha, lakini ndani ya udongo mambo ni mengine. Ukichimba nusu mita tu, tofauti ya mchana na usiku karibu haiko tena. Ndiyo sababu buibui anachimba. Shimo lake ni nyumba yenye joto moja.

Katika mkebe wa maziwa hana nyumba hiyo. Mkebe ukiwa juani unakuwa tanuru, ukiwa baridini unakuwa barafu. Mpatie sanduku la mbao au chombo cha plastiki kipana, chenye udongo mkavu wa kina kirefu, ulioshindiliwa kidogo ili shimo lisibomoke. Nafasi kati ya udongo na kifuniko isiwe kubwa. Tumbo lake ni laini kama yai: akipanda na kuanguka, linapasuka, na atakufa.

Anapenda joto la digrii 20 hadi 28. Kanuni ni rahisi: pale unapokaa vizuri na shati moja, naye anakaa vizuri. Ikipita digrii 35 ni hatari. Kwa hiyo usimweke dirishani penye jua, wala karibu ya bati la paa.

Lubumbashi iko juu ya mita 1,200. Mwezi wa sita na wa saba usiku unaweza kushuka chini ya digrii 10. Fanya hivi: sogeza sanduku kwenye ukuta wa katikati ya nyumba, mbali na mlango. Funika pande zake kwa blanketi kuukuu, acha matundu wazi. Usiku ukiwa mkali sana, jaza chupa maji ya moto, izungushie kitambaa, iweke ubavuni mwa sanduku, nje. Inatosha.

Usiweke kamwe joto chini ya sanduku. Buibui akisikia joto anachimba chini, kwa maana tangu kuumbwa kwake chini ndiko kwenye ubaridi. Kama moto uko chini, anaukimbilia. Anajichoma mwenyewe, akifikiri anajiokoa.

AKILALA CHALI

Siku moja mtoto atalia: «Buibui amekufa, amelala chali!» Ngoja. Buibui anayekufa hujikunja akiwa amesimama. Anayelala chali, miguu juu, mara nyingi anavua ngozi ya zamani ili akue. Kazi hii ni ya saa nyingi. Usimguse, usimpulizie, usimgeuze. Toa panzi wote walio hai, kwa sababu wanaweza kumtafuna akiwa laini. Mwachie maji. Chakula umpe baada ya wiki moja au mbili, meno yake yakisha kuwa magumu tena.

ASIUME MTU

Migale wa Afrika hana manyoya ya kuwasha kama wale wa Amerika. Silaha yake ni meno. Akiinua miguu ya mbele na kuonyesha meno, anasema: «Rudi nyuma.» Mtii. Maumivu ya kuumwa ni makali, mahali pale huvimba, na aina nyingine huleta mkazo wa misuli kwa siku kadhaa.

Akiuma: osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi, tuliza mkono au mguu, nenda kwa munganga. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba, usipoteze wakati na jiwe jeusi. Mtoto mdogo apelekwe mara moja.

Tena, watoto wasitie mkono katika shimo lolote porini. Shimo halina alama mlangoni. Ndani anaweza kuwa buibui, nge au nyoka.

Na chandarua? Dawa iliyomo, na ile inayopulizwa kwa mbu, inaua buibui. Sogeza sanduku mbali. Lakini mtu asiache chandarua kwa ajili ya buibui. Malaria haina huruma.

MBABULA IBAKI NJE

Turudi kwa usiku ule. Makala yanayowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha yanatoa gazi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haionekani, haina harufu. Inashika damu yetu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa safi, na damu haibebi tena uhai. Makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya watu. Kichwa kinauma, moyo unachafuka, magoti yanalegea, usingizi unashuka. Wengi hawaamki.

Hapana mbabula ndani ya chumba cha kulala: si kwa buibui, si kwa vifaranga, si kwa mtoto mchanga. Ukimkuta mtu ameanguka, fungua milango, mtoe nje, ita msaada.

NA WEWE, MFANYAKAZI?

Tumesema mengi juu ya mnyama mdogo. Sasa jitazame. Mwamba unazidi kuwa na joto kadiri unavyoshuka, na katika mgodi kama Kipushi watu wanashuka zaidi ya mita 1,000. Huko jasho linatoka, na maji yakipungua, wewe pia unakunjika: misuli inakaza, kichwa kinazunguka, mkono unakosea. Mkono ukikosea mbele ya mashini, unajua mwisho wake.

Katika joto kali kunywa kikombe kimoja kila dakika 15 au 20. Usingoje kiu. Tazama mkojo: ukiwa mweusi kama chai, umechelewa. Mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka na ngozi yake inachoma, mtoe penye joto, mmwagie maji, mpepee, ita munganga upesi. Pombe ya jana usiku si maji ya leo.

Yule mtoto wa kambi ana buibui mwingine sasa. Baba yake alimtengenezea sanduku la mbao, na kila asubuhi kabla ya masomo anatazama kifuniko cha maji. Mbabula inalala nje, chini ya kibaraza.

KUMBUKA

1. Maji safi kila siku, katika chombo kifupi.
2. Udongo mkavu, pembe moja yenye unyevu.
3. Joto kutoka ubavuni, kamwe si kutoka chini.
4. Miguu imekunjwa chini: fikiri kiu kwanza. Amelala chali: mwache.
5. Usimshike kwa mkono. Mtoto afanye kazi hii mbele ya mkubwa.
6. Kama hamwezi kumtunza, mrudisheni palepale mlipomtoa.
7. Mbabula nje, madirisha wazi, watu wote hai asubuhi.