Safari ya masomo porini: nani atalipa busi?

Mtoto wa komine Lubumbashi anajua makala, lakini muti wenye ulitoa ile makala hajauona. Anaona tu baba moja asubuhi anasukuma kinga yenye magunia.

Tangu 2019 masomo ya msingi katika shule za Serikali yalitangazwa kuwa ya bure. Busi haimo. Feza ya safari ikiombwa kwa wazazi, watoto wa maskini wanabaki nyumbani, na wao ndio wanatumwa kila siku kununua makala!

Ndugu wanamemba, ushirika unaweza kusaidia, lakini kwa utaratibu. Sheria ya OHADA ya 2010 inadai akiba moja ya mafunzo ya ushirika. Ile musiiguse kwa kulipa mafuta ya busi. Mchango utoke kwa faida inayobaki, mkutano mkuu ukubali, na uandikwe mu kitabu cha hesabu. Mwenye kusema "mbegu kwanza" asichekwe. Mwaka wa mavuno mabaya sisi pia tungesema vile. Ila bukari, maboga, asali na mzee wa kuongoza watoto munavyo tayari. Inabaki kutafuta feza ya busi tu, na kwa hiyo wazazi na shule wanaweza kuchangia kidogo kidogo.

Kule porini muonyeshe nini? Sisi tungeanza na kisiki. Miti mingi ya miombo ikikatwa inachipuka tena kwenye kisiki. Moto ukipita mwisho wa wakati wa jua, mu Septemba ao Oktoba, majani yamekauka kabisa, unawaka kwa nguvu na kuua machipukizi. Kwa hiyo pori linaisha kwa shoka na kwa moto pamoja. Mtoto akishika chipukizi kwa mkono wake, ataelewa upesi kuliko kwa ubao. Kisha muonyeshe mukula, wenye utomvu mwekundu kama damu, na tanuru la makala. Mchoma makala mwenyewe aeleze kazi yake, bila kumuaibisha: ni jirani yetu, na mara nyingi ni mwanamemba.

Shule zinapenda tarehe 5 Desemba, siku ya kitaifa ya muti. Bowa iko, masuku iko, lakini barabara ni matope. Mwezi wa tano ni afazali. Muombe ruhusa kwa chifu mapema, na muhesabu watoto wakati wa kushuka busi na wakati wa kupanda tena.