Kulenga si Kupata: Usahihi wa Bunduki Mazoezini na Mashindanoni

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Aghalabu methali hii hutumiwa kumliwaza mtu aliyeangushwa na jambo alilolizoea. Matthew Emmons, mpiga shabaha wa Marekani, alikuwa na kila sababu ya kuiamini. Mwaka wa 2004, katika Michezo ya Olimpiki jijini Athens, alikuwa akiongoza fainali ya bunduki ya mita 50, mikao mitatu, kwa alama 3 hivi, naye amebakiza risasi moja tu. Alilenga, akafyatua, lakini ubao wake haukuonyesha alama yoyote. Risasi yake ilikuwa imetoboa shabaha ya mshindani wa njia jirani. Alipewa sufuri, akaporomoka hadi nafasi ya nane, na medali ya dhahabu ikamwendea Jia Zhanbo wa Uchina.

Je, mtu aliyefikia daraja hilo alikosaje? Na kwa jumla, kwa nini bunduki ambayo mazoezini hutoboa tundu moja juu ya jingine hutawanya risasi siku ya mashindano? Makala haya yanadhamiria kulijibu swali hilo. Hoja yetu ni kuwa matokeo ya mazoezi katika hali bora na matokeo ya mashindano ni vipimo vya vitu viwili tofauti, na kwamba anayevichanganya hujidhulumu mwenyewe.

Kulenga, kupata na mtawanyiko

Yafaa kwanza tufafanue istilahi. Kiswahili hutofautisha waziwazi kulenga na kupata. Kulenga ni tendo la mtu. Kupata ni tokeo. Baina ya vitenzi hivi viwili pana bunduki, risasi, hewa na mwili wa mlengaji. Mlengaji akipiga risasi kadhaa bila kubadilisha nukta anayoilenga, matundu hayaangukii mahali pamoja, bali huunda kundi. Upana wa kundi hilo ndio tunaouita hapa mtawanyiko. Kundi laweza kuwa finyu ilhali limekaa kando ya shabaha. Kosa hilo huondolewa kwa kurekebisha vilengeo vya bunduki. Mtawanyiko wenyewe hauondoleki kwa njia hiyo.

Shabaha ya mita 50 haina huruma. Duara la alama 10 lina kipenyo cha milimita 10.4, na risasi ina kipenyo cha milimita 5.6. Risasi ikigusa mstari wa duara hupewa alama ya duara hilo. Kwa hiyo, kitovu cha risasi chaweza kuwa milimita 8 kutoka katikati na bado mlengaji akapata 10. Kuanzia hapo, kila milimita 8 humpotezea alama moja. Tukichukua bunduki yenye urefu wa mita 1, ncha ya mtutu ikiyumba kwa milimita 0.16 tu, risasi huhama milimita 8 kwenye shabaha.

Bunduki katika jiliwa

Wapiga shabaha wa ngazi ya juu huipima bunduki kwa kuibana kwenye jiliwa, ndani ya ukumbi usio na upepo. Hujaribu risasi za matoleo mbalimbali ya kiwanda hadi wapate toleo linaloafikiana na mtutu wao. Kipimo hicho kina manufaa makubwa, kwani hudhihirisha uwezo wa chuma na baruti. Hata hivyo, hakisemi lolote kuhusu bega, pumzi wala kidole cha mtu atakayeishika bunduki hiyo. Anayelichukua kundi la jiliwa akalifanya matarajio yake ya mashindano ameacha kujihesabu yeye mwenyewe.

Hila ya kundi dogo

Kuna hila nyingine iliyojificha katika idadi ya risasi. Wengi hupima bunduki zao kwa makundi ya risasi 3, kisha wakahifadhi karatasi iliyopendeza kuliko zote. Kanuni za takwimu zinaonyesha kuwa, kwa bunduki ileile na mlengaji yuleyule, kundi la risasi 10 huwa pana kwa wastani takriban mara 1.6 kuliko kundi la risasi 3. Hakuna kilichoharibika, ni vile tu kila risasi inayoongezwa ni nafasi nyingine ya kundi kupanuka. Nayo karatasi iliyochaguliwa miongoni mwa nyingi haiwakilishi hali ya kawaida, bali bahati ya siku moja. Mashindanoni hakuna ruhusa ya kuchagua: kila risasi huhesabiwa. Katika enzi ya Athens, raundi ya mchujo ya mikao mitatu ilikuwa na risasi 120: 40 kifudifudi, 40 wima na 40 kwa goti.

Mtu nyuma ya bunduki

Tuchukulie, kwa mfano, kuwa bunduki peke yake ina mtawanyiko wa vipimo 3, na mlengaji peke yake ana mtawanyiko wa vipimo 4. Jumla yake si 7, bali ni 5, kwa sababu makosa yasiyotegemeana hujumlishwa kwa vipeo vyake vya pili: 9 na 16 huwa 25, ambayo ni 5 mara 5. Sasa tumsimamishe mlengaji huyo wima, mkao ulio mgumu kuliko yote, mtawanyiko wake ufike 12. Jumla itakuwa takriban 12.4. Hata akinunua bunduki isiyokosea kamwe, atatoka 12.4 hadi 12 tu. Hapa ndipo penye funzo: kadiri hali inavyokuwa ngumu, ndivyo mchango wa bunduki unavyofifia na wa binadamu unavyotawala. Moyo ukienda mbio, mapigo yake huutikisa mtutu. Pumzi hukosa utulivu. Na nje ya ukumbi, upepo unaobadilika ghafla huisukuma risasi kando.

Aidha, yapo makosa ambayo jiliwa haliwezi kuyaonyesha abadan. Emmons alieleza kuwa kwa kawaida aliitazama kwanza nambari ya njia yake, kisha akaishusha bunduki kwenye shabaha. Risasi ile ya mwisho alishughulika na kujituliza, asiitazame nambari. Mkono wake haukumsaliti. Kilichovunjika ni utaratibu.

Mwaka wa 2008, jijini Beijing, alirejea katika fainali iyo hiyo. Alikuwa akiongoza tena kabla ya risasi ya mwisho, na alama 6.7 zingemtosha kupata dhahabu. Alipokuwa akiishusha bunduki kuelekea shabaha, kidole chake kiligusa kifyatulio kabla hajawa tayari. Alipata 4.4, yaani takriban sentimita 5 kutoka katikati, akamaliza wa nne. Qiu Jian wa Uchina akatwaa dhahabu. Mwaka wa 2012, jijini London, risasi yake ya mwisho ilipata 7.6. Ilimwondoa katika nafasi ya fedha, lakini alisalia na medali ya shaba.

Hitimisho

Ni rahisi kumwita mtu kama huyu mwoga. Lakini mwoga hafiki fainali tatu za Olimpiki mfululizo, wala harudi uwanjani baada ya kuanguka mbele ya ulimwengu. Ukweli ni kwamba alikuwa akishiriki mchezo ambamo kosa la sehemu ndogo ya milimita hupimwa, tena mahali ambapo hakuna risasi ya marudio.

Kwa hivyo, mlengaji mwenye busara huhifadhi karatasi zake zote, nzuri na mbaya, akatafuta wastani. Hufanya mazoezi akiwa amewekewa muda na mbele ya watazamaji. Huutunza utaratibu wake hata pale anapohisi hauhitaji. Hali si tofauti kwa mwanafunzi anayeghani shairi chumbani bila kukwama, kisha akajilaumu ulimi unapomteleza jukwaani. Alichokipima chumbani ni hifadhi ya maneno. Jukwaa hupima maneno, pumzi na macho ya watu kwa pamoja.

Tukirejelea methali yetu, huenda miti huteleza kila siku, ila nyani huwa na tawi jingine la kushika. Mashindano ni siku ambayo tawi hilo la pili halipo. Anayelijua hilo mapema hatajitarajia kuwa jiliwa, na akikosa, hatajihesabu kuwa si kitu.