JE, WAJUA? Jinsi Muziki wa Korea Unavyosambazwa Duniani

• Mwaka 2002 mwimbaji BoA alishika nafasi ya kwanza katika chati ya albamu ya Oricon nchini Japani. Kampuni yake, SM Entertainment, ilishirikiana na Avex, kampuni ya Kijapani, naye akaimba kwa Kijapani. Siku hizo, kuuza ugenini kulihitaji kampuni mwenyeji ya kufikisha CD madukani.

• Desemba 2012, "Gangnam Style" ya mwimbaji PSY ikawa video ya kwanza kutazamwa mara bilioni 1 kwenye YouTube. Wimbo wenyewe ulibaki kwa Kikorea.

• Saa ya kutoa wimbo hupangwa kwa hesabu. Nyingi hutoka saa 12 jioni Seoul, yaani saa 6 mchana Afrika Mashariki. Wanaolenga chati za Billboard za Marekani hupenda Ijumaa saa 7 mchana Seoul. Majira ya kiangazi huko Marekani, hiyo huwa saa 6 usiku New York, wiki ya chati inapoanza, hivyo wimbo hupata siku zote 7 za kuhesabiwa.

• CD bado zinauzwa sana. Ndani yake huwa na kadi za picha za wasanii, ambazo mashabiki hukusanya na kubadilishana.

• Machi 1, 2021, mamia ya nyimbo zilizosambazwa na Kakao, kampuni ya Kikorea, zilitoweka Spotify duniani kote baada ya mkataba kati yao kumalizika. Zilirejea siku 10 baadaye. Wimbo hupendwa kwa sauti yake, lakini husafiri kwa mkataba. Msanii chipukizi popote alipo ausome wake kwa makini kabla ya kutia saini.