Kikulacho kuku wetu ki uani mwetu

Ni nadra kuuona mji wa Mgiriama, tangu Ganze hadi Marafa, usio na kuku wawili watatu wanaochakura uani. Kuku hao ni akiba ya akina mama. Wakiuzwa, hununuliwa daftari, sare na dawa. Wanapokufa ghafla, basi, hasara si ya kitoweo pekee. Huenda mtoto akarudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

Aghalabu vifo hivyo hupewa sababu mbili: kideri au hasidi. Ya kwanza mara nyingi ni kweli. Ya pili ni ya hatari, kwani Kilifi imekwisha kuwapoteza wazee waliouawa kwa tuhuma za uchawi, na wengine wamelazimika kukimbilia hifadhi Kaya Godoma. Ipo sababu ya tatu ambayo hatuiulizi, nayo imeota kando ya nyumba zetu.

Tuanze na muhogo. Muhogo mchungu una kemikali ambayo, jani linapopondeka au ganda linapomenywa, hutoa sumu ya sayanidi. Sisi hutwanga kisamvu na kukichemsha kwa muda mrefu. Kuku hutupiwa maganda mabichi, ilhali ganda lina sumu nyingi kuliko nyama ya muhogo wenyewe. Likikatwakatwa na kuanikwa juani hadi likauke kabisa, sumu hupungua sana.

Kuna mbarika, ambao mbegu zake zina risini, sumu inayoaminika kumuua mwandishi Georgi Markov wa Bulgaria mjini London mwaka 1978. Kuna mbono kaburi, uliosifiwa miaka ya 2000 kuwa mti wa dizeli. Mbegu zake, na hata makapi yaliyokamuliwa mafuta, si chakula cha kuku. Kuna mturituri, ambao mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi hutiwa ndani ya kayamba. Mbegu nzima huweza kupita tumboni bila madhara, lakini iliyosagika ni sumu kali, na kazi ya firigisi ni kusaga. Nayo oleanda, ua la kupendeza la bustani nyingi, ni sumu tangu jani hadi shina.

Kuku aliye huru na mwenye shibe huchagua anachodonoa. Hatari huja wakati wa kiangazi, majani yanapokuwa haba, au anapofungiwa bandani na njaa kisha akatupiwa matawi yaliyopogolewa ua. Kwa hivyo matawi hayo yasitupwe bandani kamwe, na mbegu ziokotwe na kufukiwa.

Tutaitofautishaje sumu na kideri? Kideri huenea kwa siku kadhaa, mji hadi mji. Kuku huhema kwa shida, huharisha kijani, na wengine hupinda shingo. Sumu hupiga ghafla, katika mji mmoja, baada ya kuku kula kitu fulani. Afisa wa mifugo akiitwa mapema, ataweza kupasua gole na kutazama kilicholiwa. Mzoga usiliwe wala usitupiwe mbwa; uzikwe. Na chanjo ya kideri isisahauliwe, ili sababu moja iondolewe katika hesabu.

Hapa ndipo shule inapoingia. Mwanafunzi wetu huweza kuchora sehemu za ua kwa ajili ya mtihani, lakini akapita kando ya mturituri asiujue. Walimu wa sayansi na wawatoe wanafunzi nje, wakague uwanja wa shule na miji yao, waandike majina ya mimea hiyo kwa Kigiriama na kwa Kiswahili, na wawaulize bibi na babu zao yale wanayoyajua. Somo hilo halihitaji maabara. Na huenda mzee aliyezoea kushukiwa kila kuku anapokufa, akawa ndiye mwalimu wa siku hiyo.