Mkwaruzo wa gurudumu la mbele

Mkwaruzo wa gurudumu la mbele ni sauti ya chuma kusagana na chuma, au na mchanga, inayosikika upande wa mbele wa gari linapotembea. Katika magari yaliyotumika miaka mingi husababishwa zaidi na breki zilizokwisha, beringi iliyochakaa au kiungo cha shafti kilichoishiwa grisi. Dereva aliyeketi ndani anaweza kuzisikia sauti hizo kama moja, ila hatari na gharama zake hazilingani. Ndiyo maana fundi mzuri, kabla ya kulegeza nati yoyote, huuliza kwanza: inalia wakati gani?

Mazingira ya Kigoma

Magari madogo mengi ya Kigoma na Ujiji ni ya Kijapani yaliyoingizwa nchini yakiwa yametumika, kama vile Toyota Corolla na Probox. Ziwa Tanganyika lina maji yasiyo na chumvi, hivyo upepo wake hauli chuma kama ule wa bahari kule Dar es Salaam. Adui wa magurudumu hapa ni vumbi jekundu la barabara za udongo wakati wa kiangazi, na matope katika msimu wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili. Magari yanayobeba chumvi ya Uvinza ni suala jingine, kwani chumvi inayomwagika huharakisha kutu.

Kuosha gari kwa kuliingiza majini ufukweni nako kuna madhara. Kitovu cha gurudumu kilichopata moto safarini kikizamishwa ghafla katika maji, hewa iliyo ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Grisi huharibika, na beringi huanza kulia baada ya muda, wakati mwenye gari ameshasahau siku aliyoliosha.

Jiografia inaongeza uzito. Barabara ya Lumumba hushuka kutoka Mwanga hadi stesheni ya reli karibu na ziwa, na gari lenye breki mbovu halina pa kujificha kwenye mteremko huo. Vilevile mji uko mwisho wa Reli ya Kati, takriban kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam, na spea isiyopatikana madukani hulazimika kuagizwa kutoka mbali. Fundi akikosea na kuagiza beringi, kumbe ni pedi, mteja hupoteza pesa na siku za kazi, na gari bado linalia.

Kusikiliza kabla ya kufungua

Sauti inayotokea au kuongezeka dereva anapokanyaga breki huelekeza kwenye pedi na diski. Ikianza kama mlio mwembamba, huenda ni kibati cha onyo ambacho baadhi ya pedi huwa nacho. Hugusa diski pedi inapokaribia kwisha. Ikiwa nzito kama mawe yanayosagwa, pedi imekwisha na bati lake linakula diski.

Sauti ya mvumo unaopanda na kushuka pamoja na mwendo, breki zikiwa zimeachwa, ni dalili ya beringi. Hapa kona husaidia. Gari likikata kushoto, uzito huhamia magurudumu ya kulia. Mvumo ukiongezeka, beringi ya kulia inashukiwa kwanza. Likikata kulia, huwa kinyume chake.

Mlio wa kugonga unaofuatana haraka usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho hutoka kwa kawaida kwenye kiungo cha nje cha shafti, katika magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele. Mpira unaokifunika ukipasuka, grisi hutupwa nje na vumbi huingia. Grisi iliyorukia upande wa ndani wa ringi ni ushahidi tosha.

Kuna pia sababu ndogo zinazotisha bure. Kokoto ikinasa kati ya diski na bati la kukinga vumbi, hupiga kelele ya kutisha ambayo wakati mwingine huisha gari likirudi nyuma kidogo. Diski iliyolala kwenye mvua hupata kutu nyembamba asubuhi, nayo hufutika baada ya kukanyaga breki mara chache. Mkwaruzo unaoendelea baada ya hapo si kutu ya usiku mmoja.

Ukaguzi

Gari huwekwa mahali tambarare, magurudumu ya nyuma yakazuiwa kwa mawe au vigingi, kisha sehemu ya mbele huinuliwa kwa jeki na kuegemezwa kwenye stendi imara. Jeki peke yake haitoshi. Inaweza kuteleza, na anayekuwa chini hana muda wa kutoka.

Gurudumu hushikwa juu na chini na kutikiswa. Likicheza, beringi au kiungo cha mpira cha chini kimelegea. Msaidizi akikanyaga breki na mchezo ukakoma, lawama huelekea kwenye beringi. Likicheza linaposhikwa kushoto na kulia tu, hukaguliwa viungo vya usukani. Kisha huzungushwa kwa mkono huku kiganja kingine kikiwa kwenye springi: beringi mbovu huhisiwa kama mtetemo wa punje za mchanga, hata pale sikio halisikii kitu.

Kosa linalorudiwa zaidi ni kuchungulia pedi ya nje tu. Katika kalipa nyingi za magari madogo, pistoni iko upande mmoja, na kalipa hutelezea kwenye pini mbili ili kubana pande zote. Pini zikikauka au kushika kutu, pedi ya ndani hufanya karibu kazi yote. Ya nje huonekana nene na mwenye gari huambiwa breki ni nzima, ilhali ya ndani imebaki bati. Ni lazima ringi itolewe na pedi zote mbili zitazamwe. Pedi iliyobaki milimita 3 au pungufu hubadilishwa, na hubadilishwa magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja ili gari lisivutwe upande mmoja. Pini husafishwa na kupakwa grisi inayostahimili joto. Bila hivyo pedi mpya zitaliwa vilevile. Unene wa chini unaoruhusiwa wa diski mara nyingi huchongwa kwenye diski yenyewe.

Vumbi la breki halipulizwi kwa mdomo wala kompresa, kwani pedi za zamani zinaweza kuwa na asbestosi. Hufutwa kwa kitambaa chenye maji.

Beringi za magari madogo mengi ya kisasa hushindiliwa kwa presi. Kuzigonga kwa nyundo huacha alama kwenye njia ya gololi, na sauti hurudi mapema. Pikapu nyingi za zamani huwa na beringi za aina ya koni, ambazo zinaweza kufunguliwa, kusafishwa, kujazwa grisi upya na kukazwa kwa kipimo.

Lini gari lisiendeshwe

Gurudumu linalocheza, breki inayosaga chuma kwa chuma, au kanyagio linalozama ni sababu za kulisimamisha gari hapo hapo. Pedi ikiisha kabisa, pistoni husogea nje kupita kiasi na mafuta ya breki yanaweza kuvuja. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 inakataza kutumia barabarani gari lenye hitilafu ya namna hiyo. Kiungo cha shafti kinachogonga kwenye kona kwa kawaida huruhusu kufika gereji ya karibu kwa mwendo wa taratibu.